SOMO LETU: Adapta ya Muziki Inapokataa Kuimba Garini

Ndugu madereva na mataniboi mnaovuka mipaka, somo la safari hii linahusu kitu kidogo kinachoenea mkononi, nacho ni adapta inayochomekwa katika tundu la kiberiti cha gari ili nyimbo zilizo ndani ya flashi zisikike kwenye redio. Bei yake ni ndogo, lakini fedha zinazopotea kwa ajili yake si ndogo. Dereva hununua ya pili na ya tatu. Fundi wa kando ya barabara huitwa kung'oa redio isiyo na kosa. Na lililo baya kuliko yote, fyuzi inapokatika mtu huizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, kisha akaendesha lori usiku kucha juu ya waya zinazopata moto. Ukweli ni kwamba adapta nyingi zinazotupwa hazina ubovu wowote.

Ni lazima kwanza tuelewe jinsi chombo hiki kinavyofanya kazi. Adapta hupokea umeme wa gari, volti 12 katika gari dogo au volti 24 katika lori, na kuupunguza hadi volti 5 kwa ajili ya flashi. Kisha husoma mafaili ya nyimbo na kuyageuza kuwa sauti. Baada ya hapo hufanya kazi ya stesheni ndogo ya redio: hutangaza sauti hiyo katika masafa ya FM kwa umbali wa mita chache tu, na redio ya gari huipokea kwa eriali yake kama inavyopokea stesheni nyingine yoyote. Basi njia ya wimbo ina vituo vinne: umeme, flashi, faili na masafa. Kosa liko katika kimojawapo, na adapta yenyewe hukuonyesha ni kipi kama ukiitazama.

Ikiwa taa ya adapta haiwaki, tatizo ni umeme. Ikiwa taa inawaka lakini namba za dakika hazitembei, tatizo liko kwenye flashi. Ikiwa nyimbo nyingine zinaimba na nyingine zinarukwa, shauri ni la mafaili. Na ikiwa dakika zinahesabika vizuri huku spika ziko kimya au zinavuma tu, flashi haina kosa na usiiguse. Tafuta upande wa masafa. Fanya uchunguzi huu gari likiwa limesimama, na badili kitu kimoja tu kila mara. Anayebadili flashi, masafa na fyuzi kwa pamoja hatajua ni kipi kilichomponya.

Tuanze na umeme. Tundu la kiberiti hukusanya vumbi, majivu na hata sarafu. Sarafu ikigusa kati na ukingo kwa wakati mmoja, fyuzi hukatika papo hapo. Zima gari, ng'oa adapta, safisha tundu kwa kitambaa kikavu, kisha chomeka tena na kuizungusha kidogo ili vibati vya pembeni vishike. Bado haiwaki? Ijaribu katika gari la mwenzako kabla ya kuilaani. Ikiwaka huko, fungua sanduku la fyuzi. Katika magari mengi ya Toyota fyuzi ya tundu hili imeandikwa CIG. Fyuzi bapa hutambulika kwa rangi: nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20 na kijani 30. Weka nyingine ya namba ile ile, wala usiongeze. Fyuzi imetengenezwa ili ikatike kabla waya haujaungua. Ukiweka ya 30 mahali pa 15, au ukiweka hiyo karatasi ya sigara, umeme mwingi utapita na kitakachoungua kwanza ni ngozi ya waya nyuma ya dashibodi, mahali ambapo huoni moto mpaka moshi utoke. Fyuzi mpya nayo ikikatika mara moja, kuna waya unaogusana mahali, na hiyo ni kazi ya fundi wa umeme.

Neno kwa madereva wa malori. Adapta iliyoandikwa 12V peke yake itaungua katika lori la volti 24; nunua iliyoandikwa 12-24V. Na wako mafundi ambao, ili kufunga redio ya volti 12 katika lori, huchukua waya kutoka betri moja kati ya zile mbili. Redio huimba, ni kweli. Lakini betri moja inafanya kazi zaidi ya mwenzake, alteneta huzichaji zote mbili kama kitu kimoja, na baada ya muda moja hubaki na njaa huku nyingine ikichajiwa kupita kiasi. Zote mbili hufa mapema, na atakayeulizwa na mwajiri ni dereva. Kifaa cha kupunguza volti 24 hadi 12 kipo madukani na ndiyo njia iliyo sahihi.

Sasa tuje kwenye flashi. Adapta nyingi zina matundu mawili ya USB, na mara nyingi moja tu ndilo linalosoma nyimbo. Jingine ni la kuchaji simu. Jaribu yote mawili kwanza. Ukishahakikisha hilo, jambo linalofuata ni fomati, yaani mpangilio wa ndani ambao flashi huutumia kuhifadhi mafaili. Zipo fomati tatu unazoweza kuzikuta: FAT32, exFAT na NTFS. Kompyuta ya leo husoma zote. Adapta za bei nafuu na redio nyingi za magari husoma FAT32 tu, ambayo ilianza mwaka 1996 na inajulikana na karibu kila chombo. Flashi za GB 64 na kuendelea mara nyingi huuzwa zikiwa na exFAT, nayo adapta huiona kama kitabu kilichoandikwa kwa herufi asizozijua msomaji. Ndiyo maana mtu hununua flashi kubwa mpya nayo ikakataa, huku ile ya zamani ya GB 4 inaimba bila shida.

Dawa yake ni kuifomati flashi kwa FAT32 katika kompyuta. Kumbuka kwamba kufomati hufuta vyote vilivyomo, basi nakili nyimbo mahali pengine kwanza. Kwa miaka mingi chombo cha kawaida cha Windows kimekataa kufanya FAT32 kwa flashi iliyozidi GB 32, ingawa FAT32 yenyewe inaweza kubeba zaidi ya hapo. Fundi mwenye programu maalumu anaweza kuifanya. Lakini kwa maoni yetu hakuna haja. Wimbo wa dakika 4 kwa kiwango cha kawaida cha kilobiti 128 huchukua karibu MB 4, kwa hiyo GB 32 zinaingia nyimbo zipatazo 8,000. Ukisikiliza saa 8 kila siku, utahitaji zaidi ya miezi 2 kuzimaliza. GB 8 au 16 zinatosha sana, na adapta huanza kuimba upesi zaidi kwa sababu haina mengi ya kupekua.

Jihadharini na flashi za udanganyifu. Huandikwa GB 128 au zaidi, kompyuta nayo huamini, lakini ndani kuna GB 8 tu. Ukinakili nyimbo nyingi, za mwanzo huimba na za baadaye hukwama au hutoa kelele, na lawama yote huangukia adapta. Njia ya kuipima ni kuijaza mpaka mwisho kisha kusoma tena kila kilichoandikwa. Programu ya bure iitwayo H2testw hufanya kazi hiyo. Bei ikiwa ndogo mno ukilinganisha na ukubwa unaodaiwa, iache kwa mwenyewe.

Tena, usiing'oe flashi kutoka kwenye kompyuta kwa haraka wakati kazi ya kunakili haijaisha. Iondoe kwa utaratibu, la sivyo orodha ya mafaili huharibika. Na usiiache juu ya dashibodi juani.

Kuhusu mafaili tutasema kwa kifupi. Adapta karibu zote huimba MP3, na nyingi huimba WMA. M4A, FLAC na ile OPUS inayotoka katika jumbe za sauti za simu mara nyingi hurukwa. Kubadili jina la faili kutoka .m4a kuwa .mp3 hakubadili chochote ndani yake, ni sawa na kuandika "sukari" juu ya gunia la chumvi. Yafaa faili ligeuzwe kwa programu ya kugeuza sauti. Wengine hulalamika kwamba nyimbo haziendi kwa alfabeti. Vyombo vingi huzifuata kwa mpangilio ule zilivyonakiliwa, basi anayetaka mpangilio wake aifomati flashi na kunakili wimbo mmoja mmoja kwa zamu anayoitaka.

Tumefika kwenye masafa, na hapa ndipo penye matatizo makubwa zaidi Afrika Mashariki. Kanuni ya kwanza ni rahisi: adapta na redio ziwekwe katika masafa mamoja, na masafa hayo yasiwe na stesheni. Zima adapta, zungusha redio mpaka upate mahali penye mvumo mtupu, kisha weka adapta hapo. Usichague palipo jirani na stesheni kubwa, kwa maana itakumeza. Mjini Kampala, kwa mfano, Sanyu iko 88.2, CBS iko 88.8 na tena 89.2, na Radio One iko 90.0. Kati ya hizo nafasi ni finyu. Tena masafa yaliyo matupu Malaba yanaweza kuwa na mwenyewe Kampala, na yaliyo matupu Kampala yakawa na mwenyewe Kigali. Dereva wa safari ndefu hana budi kutafuta upya, na afanye hivyo anapopumzika, si mteremkoni. Katika msongamano wa magari unaweza kusikia kwaya ya gari la jirani ndani ya spika zako. Maana yake adapta zenu zimewekwa pamoja na zake iko karibu na eriali yako. Sogea hatua chache katika masafa, yatakwisha.

Kanuni ya pili inahusu magari yaliyotumika kutoka Japani, ambayo ndiyo mengi katika barabara za Uganda, Kenya na Tanzania. Kwetu sisi FM huanza megahezi 87.5 hadi 108. Japani ilipanga FM yake kuanzia 76 hadi 90, na baada ya televisheni za mfumo wa zamani kuzimwa nchini humo, ikaongezwa mpaka 95. Basi Hiace au Premio yenye redio yake ya asili inaishia 90. Ukiweka adapta kwenye 100, adapta inatangaza vizuri kabisa, lakini redio haina masikio ya kufika huko. Sehemu wanayokutana ni kati ya 87.5 na 90 tu, na ndiyo hiyo hiyo tuliyoona imejaa stesheni Kampala. Wengi wamebadilisha adapta tatu kwa sababu ya jambo hili moja. Nchini Rwanda, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, magari ya namna hii ni machache. Burundi nako hupita kulia, lakini yapo mengi. Malori yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya hayana shida hii.

Wenye magari ya Kijapani huwekewa kifaa katika waya wa eriali ambacho huteremsha masafa yote kwa kiasi maalumu ili redio iyapokee. Kikiwapo, namba ya adapta na namba ya redio hazitalingana kamwe. Tafuta stesheni unayoijua. Tuseme Simba, ambayo Kampala iko 97.3, unaipata redioni kwenye 81.3. Tofauti ni 16. Basi ukiweka adapta kwenye 105.9, itafute redioni kwenye 89.9. Ukiiweka adapta kwenye 88 chini ya kifaa hicho, inateremka mpaka 72, na huko redio haifiki. Fanya hesabu hii kwa tofauti ya gari lako mwenyewe, kisha sikiliza kama mahali hapo ni patupu.

Limebaki suala la kelele. Sauti ikipasuka, punguza sauti kwenye adapta na uongeze kwenye redio. Ukisikia mlio kama wa nzi unaopanda unapokanyaga mafuta na kushuka unapoachia, huo unatoka katika umeme wa alteneta, si katika wimbo. Ng'oa chaja ya simu iliyo karibu kwanza. Mlio ukiisha, chaja ndiyo mkosaji; mpe adapta tundu lake peke yake. Mlio ukibaki hata adapta ikiwa imeng'olewa na unasikiliza stesheni ya kawaida, adapta haihusiki, na umwite fundi wa umeme akague alteneta na waya wa ethi wa redio.