Viazi Vitamu na Fukusi

Viazi vitamu havina ghala ila udongo wenyewe. Mama wa nyumbani katika nchi ya Uganda huchimba vya kutosha siku ile, na vingine huviacha tutani mpaka siku ya haja. Lakini jua la kiangazi lianzapo kuipasua ardhi, adui huingia kwa njia ya nyufa.

Adui huyo ni fukusi, mdudu mwenye pua ndefu, ambaye urefu wake haupiti milimita 8. Hana nguvu ya kuchimba udongo, hungoja ufa. Akikifikia kiazi, jike hutoboa tundu, hutaga yai moja, kisha huliziba tundu kwa kinyesi chake. Funza mweupe asiye na miguu huanguliwa, akala huku akifanya njia ndani ya kiazi; na kwa muda wa kama mwezi mmoja hutokea fukusi mzima. Kiazi nacho, kikiisha kuumwa, hutoa uchungu na harufu mbaya, hata sehemu ambayo funza hakuigusa hailiki. Hivyo funza wachache huweza kuinyima nyumba nzima chakula.

Lakini mbegu zote haziliwi sawasawa. Baadhi huokoka kwa kuwa viazi vyake hukaa chini sana, nyufa zisikofika. Huko ni kujificha tu. Iko mbegu ya Uganda iitwayo New Kawogo, iliyotolewa rasmi kwa wakulima mwaka 1995, ambayo hujikinga kwa ganda lake. Wataalamu walipolichunguza ganda hilo waliona lina dawa ya asili: fukusi jike hapendi kutaga hapo, na funza alaye dawa hiyo hudumaa au hufa.

Hata hivyo New Kawogo haikosi kuliwa kabisa. Huliwa kidogo kuliko nyingine. Tena nyama yake ni nyeupe, haina ile vitamini A ambayo macho ya watoto huihitaji, na ambayo imo tele katika viazi vya rangi ya chungwa. Basi wataalamu waliichanganya na Beauregard, mbegu ya Marekani yenye rangi hiyo, wakaipanda miche iliyozaliwa, wapate kujua ni ipi iliyorithi kinga.

Mkulima naye, awe na mbegu yo yote, huzifukia nyufa za matuta kwa jembe, wala hachukui marando katika shamba lililoliwa, kwa maana fukusi hutaga hata katika mashina.