Mbwa Mwenye Ugonjwa wa Figo: Mkojo Upimwe Kabla ya Dawa

Mbwa wengi wa ulinzi mijini kwetu hushinda bandani mchana kutwa, wakafunguliwa jioni geti likishafungwa. Hukojoa gizani nyuma ya nyumba, na mwenyewe hana habari mkojo una rangi gani wala kama unatoka kwa wingi au kwa matone. Ndiyo maana mara nyingi ugonjwa wa figo hugundulika mbwa akiwa ameshakonda, mdomo unanuka na chakula amekisusa. Hapo mtu hukimbilia duka la dawa za mifugo, akarudi na chupa ya oksitetrasaiklini, ile ile wanayochomwa ng'ombe na mbuzi.

Kijitabu hiki ni cha mwenye mbwa aliyekwisha kuambiwa kwamba figo za mbwa wake zina hitilafu, au anayeanza kushuku. Tunalotaka alishike ni hili: mkojo upimwe, na uoteshwe maabara, kabla antibiotiki haijaingia mwilini.

Figo zikichoka

Mbwa mzima hukojoa mkojo wa njano uliokolea, hasa asubuhi. Mkojo wa namna hiyo una urea nyingi na chumvichumvi zinazowapa bakteria tabu. Figo zikipoteza kama theluthi mbili ya uwezo wake hushindwa kubana maji. Mkojo unakuwa mweupe, mbwa anamaliza bakuli la maji na kutafuta jingine. Kretinini, ile taka inayopimwa kwenye damu, haipandi mpaka uwezo uliopotea ufikie karibu robo tatu. Kwa hiyo majibu ya damu yakija yamepanda, ujue shida imeanza zamani.

Wataalamu wa figo za wanyama wa kundi la kimataifa la IRIS huugawa ugonjwa huu katika hatua 4. Kwa mbwa, kretinini ya maikromoli 125 hadi 250 kwa lita ni hatua ya 2. Ikipita 440 ni hatua ya 4. Andika namba ya mbwa wako kwenye daftari, pamoja na tarehe. Utaihitaji.

Mkojo ukishakuwa mwepesi, kinga moja imeondoka. Bakteria anayeongoza kuingia ni Escherichia coli, E. coli kwa kifupi, ambaye makazi yake ya kawaida ni utumbo wa mbwa mwenyewe. Hutoka kwenye kinyesi, hushika ngozi ya sehemu za siri, kisha hupanda hadi kibofuni. Majike huathirika zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Dume ambaye hajahasiwa ana lake: bakteria wakijificha kwenye tezi dume, dawa nyingi haziwafikii vizuri, na maambukizi hurudi kila matibabu yanapokwisha.

Dalili za kutazama

Jioni moja, unapomfungua, simama mlangoni pa banda umtazame mbwa anapokojoa mara ya kwanza, tena iwe kwenye saruji au mchanga mkavu. Akitoa mkojo mwingi, mweupe, mara nyingi kwa siku, shaka iende kwanza kwenye figo, ingawa kisukari nacho hufanya hivyo. Akichuchumaa, akatoa matone, akasogea hatua mbili akachuchumaa tena, hiyo ni dalili ya kibofu. Damu mkojoni, kujilamba sehemu za siri kupita kiasi na mbwa mzoefu kuanza kukojoa mahali anapolala ni dalili za kibofu pia. Mbwa mmoja anaweza kuwa na matatizo yote mawili.

Kinachotisha ni bakteria kupanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo zenyewe. Mbwa hupata homa, hutapika, huacha kula, na ukimgusa kiunoni hushtuka au hunung'unika. Wengine hawaonyeshi hayo yote. Wanaharibikiwa tu majibu ya damu. Mbwa aliyekaa miezi kwenye kretinini ya 200 akionekana ghafla ana 350, asiambiwe kwamba ugonjwa wake umekomaa basi. Kuna kitu kimemsukuma. Huenda ni kuishiwa maji mwilini, huenda ni ugonjwa wa kupe, na huenda ni maambukizi ya figo yanayotibika. Hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Katika orodha hiyo daktari ataweka pia leptospirosisi. Tanzania waliifahamu kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka kwa watu mkoani Lindi mwaka 2022. Mbwa huipata, na huitoa kwa mkojo. Anayesafisha banda la mbwa mgonjwa avae glavu na viatu vya mpira, na watoto wakae mbali.

Bakteria mkojoni, bila dalili

Hapa ndipo wenye mbwa wengi, na hata baadhi ya madaktari, huona ugumu. Mbwa wa figo anapelekwa kupima kama kawaida, mkojo unaonekana una bakteria, lakini yeye hana shida yoyote ya kukojoa, hana homa, anakula, kretinini haijabadilika. Atibiwe?

Kwa kawaida, hapana. Mwongozo uliotolewa mwaka 2019 na jumuiya ya kimataifa ya magonjwa ya kuambukiza ya wanyama wa nyumbani, ISCAID, unashauri kwamba bakteria mkojoni bila dalili wasikimbiliwe kwa antibiotiki. Kuwaua mara nyingi hakumwongezei mbwa chochote. Wengine hurudi muda si mrefu, na wanaorudi wanaweza kuwa sugu kuliko wa kwanza. Kwa mbwa wa figo daktari hupima kwa makini zaidi, kwa sababu maambukizi ya figo yanaweza kujificha. Ndiyo maana tulikuambia uandike namba za kretinini: bila za nyuma, ya leo haimwambii daktari kama hali imebadilika.

Kijiti cha kupimia mkojo, kile chenye vibanda vya rangi, nacho kina mipaka yake. Kibanda cha chembe nyeupe na kile cha naitraiti vilitengenezwa kwa mkojo wa binadamu. Kwa mbwa haviaminiki. Duka likikuuzia dawa kwa ushahidi wa kijiti peke yake, halijapima maambukizi.

Sampuli inavyochukuliwa

Njia bora inatisha kuisikia kuliko kuiona. Daktari humlaza mbwa chali au ubavu, hukishika kibofu kwa vidole au hukitazama kwa mashine ya utrasaundi, kisha huingiza sindano nyembamba kupitia ngozi ya tumbo na kuvuta mililita chache. Ni suala la sekunde, na mbwa wengi hawahitaji dawa ya usingizi. Faida yake ni kwamba mkojo unatoka kibofuni moja kwa moja, bila kupita kwenye manyoya na ngozi yenye bakteria wa kila namna. Mkojo uliokingwa kwenye kikopo wakati mbwa anakojoa unafaa kwa vipimo vingine, ila ukioteshwa unaweza kuleta majibu ya kupotosha.

Maabara huupaka mkojo kwenye sahani yenye chakula cha bakteria na kuuacha katika joto la mwili. Walioota hutambuliwa, kisha hupandwa tena kwenye sahani nyingine iliyowekewa vikaratasi vya duara, kila kimoja kina dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara tupu kuzunguka kikaratasi chake, na mtaalamu hulipima kwa rula. Vikaratasi ambavyo bakteria wamevisogelea mpaka ukingoni ni vya dawa ambazo ungezinunua bure. Kazi yote huchukua siku 2 hadi 4.

Mkojo usifike umechelewa. Usipoweza kufika maabara mara moja, ukae kwenye jokofu, na usipitishe saa 24. Kama kliniki ya karibu haioteshi, mwombe daktari aulize kwenye chuo kinachofundisha udaktari wa wanyama, mfano Sokoine mjini Morogoro, Kabete jijini Nairobi au Makerere jijini Kampala, au kwenye maabara ya hospitali ya binadamu. Sahani za kuotesha ni zile zile. Gharama ipo. Lakini weka hesabu ya sindano tatu za kubahatisha, kisha linganisha.

Mbwa akiwa na maumivu ya kibofu huku majibu yanasubiriwa, daktari anaweza kuanza na dawa ya kawaida kama amoksisilini, halafu akaibadilisha au akaiacha kulingana na majibu. Sharti ni sampuli iwe imeshachukuliwa. Dozi moja tu kabla ya sampuli inaweza kuwazima bakteria kiasi cha kutoota maabara, huku mwilini bado wapo.

Dawa zinazodhuru figo

Figo mbovu huchelewa kutoa dawa mwilini, kwa hiyo kipimo kinachomfaa mbwa wa jirani kinaweza kuwa sumu kwa wako. Jentamaisini huharibu figo hata za mbwa mzima ikitumiwa vibaya. Kwa mbwa wa figo ni ya kuepukwa mpaka kusiwe na njia nyingine. Oksitetrasaiklini nayo haimfai. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu huwapa mbwa kwa huruma wakiona wanachechemea, ni hatari zaidi kuliko hizo antibiotiki. Mbwa asipewe dawa ya maumivu ya binadamu, hata nusu kidonge.

Na siku ngapi? Zamani mbwa wenye maambukizi ya figo waliandikiwa wiki 4 hadi 6. Mwongozo wa 2019 umeshusha hadi siku 10 hadi 14, na maambukizi ya kawaida ya kibofu siku 3 hadi 5. Wapo watakaoshangaa, kwa kuwa tumezoea kuamini kwamba dawa nyingi ndiyo matibabu kamili. Maliza siku ulizoandikiwa, usiongeze zako. Kila siku ya ziada ni nafasi kwa bakteria wa utumboni kujifunza kuishi na dawa, na hao ndio watakaopanda kibofuni safari ijayo.

Usugu hauishii bandani

E. coli anaweza kubeba vinasaba vya usugu kwenye kipande kidogo cha DNA na kumpa bakteria mwingine, hata wa jamii tofauti. Tafiti katika nchi mbalimbali zimekuta bakteria wanaofanana kwa mbwa na kwa watu wa nyumba moja. Dawa tunazozungumzia ni hizo hizo anazopewa mama mwenye yutiai au mtoto mwenye nimonia: amoksisilini, siprofloksasini, seftriaksoni. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo vya watu milioni 1.27 duniani mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba kiwango kikubwa zaidi kwa idadi ya watu.

Kwa hiyo vidonge vya sipro vilivyobaki kabatini visiende kwa mbwa. Mbali na usugu, mwili wa mbwa hufyonza siprofloksasini bila mpangilio: huyu hupata dozi ya kutosha, yule robo yake.

Nyumbani

Maji yawepo saa zote. Wapo wanaomnyima mbwa maji ili asilowanishe banda. Kwa mbwa wa figo huko ni kumuua. Afunguliwe angalau mara moja mchana akojoe, kwa sababu mkojo unaokaa kibofuni huwapa bakteria muda wa kuzaliana. Jike mwenye manyoya marefu au mikunjo ya ngozi nyuma akatwe manyoya na asafishwe kwa maji tu.

Chakula kina sehemu yake pia. Dagaa na mifupa vina fosforasi nyingi ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Muulize daktari jinsi ya kupika wali au ugali na nyama kidogo isiyo na mifupa, bila chumvi wala vitunguu, na aseme ni virutubisho gani viongezwe.

Siku ya kumpeleka mbwa kliniki, beba daftari la kretinini, majibu ya mkojo ya zamani, na makasha ya dawa zote alizopata miezi 6 iliyopita, zikiwemo zile ulizonunua mwenyewe dukani. Usizifiche. Kama ametibiwa kibofu mara 2 ndani ya miezi 6, au mara 3 kwa mwaka, mwambie daktari kabla hajaandika chochote: mbwa huyo anahitaji kutafutiwa mawe ya kibofu, kisukari au tatizo la tezi dume, na picha ya utrasaundi itamfaa kuliko chupa nyingine ya dawa.