Kemikali za Kuzuia Moto: Sheria za Ulaya Zimefika Wapi, na Wewe Ufanye Nini

Mfuniko wa nyuma wa runinga, sponji ya sofa, soketi ya ukutani na kiti cha gari vina jambo moja linalovifananisha: mara nyingi vimetiwa kemikali za kuzuia moto. Plastiki na sponji hutengenezwa kwa mafuta ya petroli, kwa hiyo zikishika moto huwaka haraka. Kemikali hizi huuchelewesha moto ili watu wapate dakika za kutoka nje. Nia ni njema, lakini baadhi yake, hasa zilizotengenezwa kwa bromini au klorini, hazichakai upesi katika mazingira, hujilimbikiza katika mafuta ya mwili na zimehusishwa na madhara kwa afya.

Umoja wa Ulaya umezibana kemikali hizi kwa zaidi ya miaka 20. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuzijua sheria hizo. Baadhi yetu tunaishi Ulaya, na wengi zaidi tunanunua runinga, kompyuta na friji zilizokwisha kutumika huko. Sheria hizo zinaathiri kile kinachoingia sebuleni kwetu, na zina mianya ambayo mnunuzi anapaswa kuijua.

Zinaingiaje mwilini?

Nyingi ya kemikali hizi hazikushikamana na plastiki. Zimechanganywa nayo tu, kama chumvi kwenye unga, na miaka inavyopita hutoka kidogo kidogo na kuingia kwenye vumbi la nyumba. Mtu mzima hulivuta vumbi hilo au hulila bila kujua. Mtoto anayetambaa hulipata kwa wingi zaidi, kwa sababu mikono yake hutoka sakafuni na kwenda moja kwa moja mdomoni. Njia nyingine ni chakula chenye mafuta ya wanyama: samaki, nyama, mayai na maziwa.

Kundi lililochunguzwa zaidi linajulikana kwa kifupi kama PBDE. Umbo lake linakaribiana na lile la homoni za tezi ya shingo, ambazo huongoza ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Ndiyo maana hofu kubwa ya wataalamu ni kuhusu wajawazito na watoto wadogo. Nchini Sweden, watafiti walipima maziwa ya mama yaliyokusanywa kati ya 1972 na 1997, wakakuta kiwango cha PBDE kiliongezeka maradufu takriban kila baada ya miaka 5. Matokeo hayo yaliwashtua Waulaya na kuisukuma sheria mbele. Hata hivyo, mama asiache kunyonyesha kwa kuogopa kemikali hizi: ushauri wa afya haujabadilika, kwani faida ya maziwa ya mama ni kubwa mno. Wa kubanwa ni mtengenezaji wa bidhaa.

Sheria zilivyojengwa

Hatua kubwa ya kwanza ilianza kutumika Agosti 2004, Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku aina mbili za PBDE, PentaBDE na OctaBDE, katika bidhaa zote mpya. Penta ilitumika sana kwenye sponji, na Octa kwenye plastiki ngumu.

Tarehe 1 Julai 2006 sheria ya vifaa vya umeme, iitwayo RoHS, ilianza kutumika. Iliweka ukomo wa PBDE na kundi jingine la bromini, PBB, kuwa asilimia 0.1 ya uzito wa kila aina ya plastiki ndani ya kifaa, yaani gramu 1 kwa kilo. Lakini hata kabla ya tarehe hiyo kufika, Kamisheni ya Ulaya ilikuwa imeitoa kwenye katazo DecaBDE, ndugu wa tatu wa Penta na Octa, ambayo ilipendwa sana na watengenezaji wa runinga. Bunge la Ulaya na nchi ya Denmark wakaenda mahakamani. Mwezi Aprili 2008 Mahakama ya Ulaya iliufuta msamaha huo, na kufikia Julai mwaka huohuo DecaBDE ikawa imekatazwa kwenye vifaa vya umeme.

Sheria pana zaidi ya kemikali, REACH, ilianza 2007 na husimamiwa na Wakala wa Kemikali wa Ulaya ulioko Helsinki. Kwa sheria hiyo, HBCDD, iliyotiwa kwenye mabamba ya kuzuia joto na baridi majumbani, haikuruhusiwa tena kutumika bila kibali maalumu kuanzia Agosti 2015. Machi 2019 DecaBDE ikazuiwa pia kwenye nguo, mapazia, plastiki na bidhaa nyingine, isipokuwa matumizi machache kama ndege na vipuri vya magari. Sheria ya vitu vya kuchezea nayo iliweka ukomo wa miligramu 5 kwa kilo kwa kemikali tatu za fosforasi yenye klorini katika vinyago vya watoto walio chini ya miaka 3.

Sheria hizi zinakwenda sambamba na Mkataba wa Stockholm, unaozihusu pia Kenya na Tanzania. Mkataba huo uliziingiza Penta na Octa kwenye orodha ya kemikali za kutokomezwa mwaka 2009, HBCDD mwaka 2013 na DecaBDE mwaka 2017.

Mianya miwili ya kuangalia

Mwanya wa kwanza ni wa ndugu kurithi nafasi ya ndugu. Penta ilipoondolewa kwenye sponji, viwanda vingi vilihamia kwenye kemikali za fosforasi, baadhi zikiwa na klorini, na baadaye nazo zikatiliwa shaka. Sheria inayokataza kemikali moja moja huchukua miaka mingi, ilhali kiwanda hubadilisha mchanganyiko kwa muda mfupi. Kwa sababu hiyo Ulaya imeanza kukataza kwa makundi. Tangu Machi 2021, kasha na stendi ya runinga au skrini mpya ya kompyuta haviruhusiwi kuwa na kemikali yoyote ya kuzuia moto yenye bromini au klorini. Mwaka 2023 Wakala wa Kemikali ulipendekeza njia hiyohiyo kwa kundi zima la kemikali za bromini zenye madhara yanayofanana. Njia hii ndiyo sahihi, na inastahili kuungwa mkono.

Mwanya wa pili ni plastiki iliyorejelezwa. Runinga ya 1998 ikisagwa, kemikali zake huingia kwenye bidhaa mpya. Wachunguzi wamezikuta kwenye vyombo vyeusi vya jikoni vilivyouzwa Ulaya. Mashirika ya mazingira ya Arnika na IPEN nayo yamezikuta kwenye vinyago na bidhaa nyingine za plastiki zilizonunuliwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ulaya inapunguza kiwango cha PBDE kinachovumiliwa kwenye taka: kilikuwa miligramu 1,000 kwa kilo, kikashushwa hadi 500 mwaka 2023, na kimepangwa kufika 200 mwishoni mwa 2027. Taka inayozidi ukomo hairuhusiwi kurejelezwa. Kemikali hizo lazima ziharibiwe.

Ukiwa Ulaya: tumia haki yako ya kuuliza

Ukinunua sofa, godoro au kifaa chochote, REACH inakupa haki ya kumuuliza muuzaji kama kina kemikali iliyo kwenye orodha ya zinazotiliwa wasiwasi mkubwa. Ikiwa ipo kwa zaidi ya asilimia 0.1, lazima akujibu ndani ya siku 45, bila malipo. Andika kwa barua pepe, taja jina na namba ya bidhaa, na uhifadhi nakala.

Alama ya CE kwenye kifaa cha umeme ni tamko la mtengenezaji kwamba ametimiza masharti, RoHS ikiwemo. Haina maana kwamba serikali imekipima kifaa chako. Nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Walioko Uingereza wajue kwamba masharti ya moto ya samani ya mwaka 1988 yamefanya sofa nyingi za nchi hiyo zitiwe kemikali kwa wingi. Mwaka 2025 baadhi ya bidhaa za watoto wachanga ziliondolewa kwenye masharti hayo, kwa hiyo uliza kama kitanda au kigari unachonunua kimetengenezwa kabla au baada ya hapo.

Ukinunua au kutuma mitumba

Angalia mwaka wa kutengenezwa, ambao kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Kifaa cha umeme kilichotengenezwa kwa soko la Ulaya baada ya katikati ya 2008 kina uwezekano mdogo wa kuwa na PBDE. TV za chogo na kompyuta za miaka ya 1990 ndizo za kuogopwa zaidi.

Fundi akifungua kifaa, asome maandishi yaliyochongwa ndani ya plastiki. Herufi FR humaanisha kwamba imetiwa kemikali ya kuzuia moto, na namba inayofuata huonyesha aina yake. Kwa mfano, ABS-FR(17) ni plastiki yenye bromini. Namba 18 na 19 ni PBDE zenyewe, na 20 ni PBB. Namba 40 ni fosforasi isiyo na bromini wala klorini. Vifaa vingi vya zamani havina alama, kwa hiyo kukosekana kwake si uthibitisho wa usalama.

Anayetuma vifaa kutoka Ulaya ahakikishe vinafanya kazi, vimepimwa, vimefungwa vizuri na vina hati. Sheria ya Ulaya huvihesabu visivyo na ushahidi huo kuwa taka. Na tangu 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel wa taka hatari unataka taka zote za vifaa vya umeme zisivuke mpaka kabla nchi inayopokea haijakubali.

Nyumbani na karakana

Piga deki kwa maji badala ya kufagia vumbi likapaa, na futa runinga na meza yake kwa kitambaa kibichi. Nawisha watoto mikono kabla ya kula. Sofa au godoro ambalo sponji yake inamong'onyoka, shona kitambaa chake cha juu au uliondoe. Usiwape watoto vipande vya sponji wachezee, wala usivitumie kujazia mito. Usimpe mtoto rimoti mbovu au makasha ya redio mabovu kuwa vinyago.

Usichome plastiki za vifaa vya umeme wala nyaya. Moto mdogo wa wazi hugeuza bromini na klorini kuwa dioksini, sumu kali kuliko kemikali ya mwanzo, na majivu yake huliwa na kuku ambao mayai yao yanarudi mezani. Fundi anayebandua shaba kutoka kwenye waya aukate waya na kuuchuna. Plastiki nyeusi ya vifaa vya umeme asiiuze kwa anayetengeneza sahani, vikombe au vinyago. Aitenge na kuipeleka kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki aliyesajiliwa na mamlaka ya mazingira: NEMC nchini Tanzania au NEMA nchini Kenya.

Tahadhari dhidi ya moto ibaki palepale. Kinachookoa maisha zaidi ni kutoziba njia ya kutokea, kutopachika plagi nyingi kwenye soketi moja, kuzima mshumaa kabla ya kulala na kuweka kengele ya moshi pale unapoweza. Nyumba inaweza kulindwa dhidi ya moto bila mtoto kulishwa sumu. Viwanda vimeonyesha kwamba inawezekana, kwa sababu runinga mpya zinazouzwa Ulaya tangu 2021 zimetimiza sharti la kasha lisilo na kemikali za bromini wala klorini na bado zinapita vipimo vya usalama. Waagizaji na mamlaka za viwango za nchi zetu wana haki ya kudai bidhaa za ubora huohuo, na sisi wanunuzi tuna haki ya kuwauliza kwa nini hawajadai.