Maji ya Ziwa si Kinga ya Rejeta

Maji ya rejeta yanapopungua, baadhi ya wenye magari hapa Ujiji huteka maji ya Ziwa Tanganyika na kujazia. Maji hayo ni maangavu, si ya chumvi kama ya bahari, wala hayauzwi. Hata hivyo, tunamshauri mtumiaji asiyategemee, kwa sababu mbili.

Kwanza, yana madini mengi, hasa magnesi. Yakipata joto, madini huweza kuganda na kuwa tando gumu linalozuia injini kupoa. Gari huanza kuchemsha, na mwisho wake ni kuunguza gasketi. Pili, kipimo chake cha pH hukaribia 9, kiasi kinachoweza kula alumini iliyomo katika rejeta na injini nyingi za siku hizi.

Kutu ya chuma huhitaji maji na hewa. Chuma kikikingwa navyo hudumu. Mfano tunao Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao, ambayo leo ni MV Liemba, baada ya kuzipaka injini zake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta injini zingali zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini. Ndani ya mfumo wa kupoza hapapakwi grisi. Kinga hiyo hutolewa na dawa zilizomo katika kulanti.

Unaponunua na kutumia kulanti, zingatia yafuatayo:

1. Fuata aina iliyotajwa katika kitabu cha gari. Rangi pekee si kigezo.

2. Soma lebo ujue kama imekwisha kuchanganywa. Kama bado, tumia maji yaliyokenekwa, kwa kipimo kilichoandikwa. Asidi ya betri isitumike kamwe.

3. Ibadilishe kwa wakati hata kama haijapungua, kwa kuwa dawa yake huisha nguvu.

4. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa ya moto.

5. Kulanti nyingi ni sumu yenye ladha tamu. Usiiweke katika chupa ya maji ya kunywa, wala usiimwage ziwani.

6. Dai risiti na uitunze. Ndiyo ushahidi wako bidhaa ikiwa na kasoro.

Ukilazimika kutumia maji ya ziwa kwa dharura, mwambie fundi asafishe mfumo mapema. Gharama ya kulanti ni ndogo kuliko ya kufungua injini.