Wiski ya moto si dawa ya mafua

MIEZI ya Juni, Julai na Agosti huwa ya baridi kali katika sehemu nyingi za nyanda za juu. Limuru, Kinangop, Nyahururu na hata Nairobi, watu huamka wakipiga chafya huku koo likiwasha. Ndipo utakapomsikia rafiki akikushauri: "Tia wiski kidogo ndani ya maji ya moto, ongeza limau na asali, unywe ulale. Kesho utaamka mzima."

Kinywaji hicho ni cha kale. Waskoti ndio walioifanya maarufu ile inayoitwa hot toddy, na hapa tutaiita todi. Ajabu ni kwamba neno lenyewe halikutoka Uskoti. Lilitoka India, ambako 'tari' ni utomvu wa miti ya jamii ya mnazi ulioachwa ukachachuka. Ni ndugu wa tembo la mnazi, linalojulikana sana na wenzetu wa Pwani.

Juma hili tutajifunza jinsi ya kutengeneza todi nyumbani kwa kipimo. Muhimu zaidi, tutaona ni kitu gani ndani ya kikombe hicho kinachomsaidia mgonjwa, na ni kipi kinachoweza kumdhuru.

MAHITAJI (kikombe kimoja, kwa mtu mzima)

- Maji, kikombe kimoja
- Tangawizi mbichi, kipande kama kidole gumba
- Karafuu 3 na kijiti kimoja cha mdalasini
- Nusu ya limau
- Asali, kijiko kimoja cha mezani
- Wiski, toti moja ya mililita 30, yaani vijiko 2 vya mezani. Usikadirie kwa macho.

JINSI YA KUTENGENEZA

1. Ponda tangawizi. Iweke ndani ya sufuria pamoja na maji, karafuu na mdalasini. Funika na uchemshe kwa dakika 5.
2. Epua, chuja ndani ya kikombe na usubiri dakika chache maji yapoe kiasi cha kunyweka bila kuunguza ulimi.
3. Kamua limau, tia asali na ukoroge mpaka iyeyuke.
4. Wiski huja mwisho, wakati jiko limekwisha kuzimwa. Usiimimine kamwe ndani ya sufuria iliyo motoni, kwani mvuke wa pombe hushika moto upesi na kumchoma mpishi.

Kunywa polepole. Kikombe kimoja kinatosha.

NI NINI KINACHOSAIDIA?

Mafua huletwa na virusi, na hakuna kitu ndani ya kikombe hiki kinachoviua. Mwili wenyewe ndio unaovishinda, kwa kawaida katika muda wa siku 7 hadi 10. Tunachoweza kufanya ni kupunguza usumbufu.

Mnamo 2008, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Uingereza, waliwapa watu 30 wenye mafua kinywaji cha matunda. Kilipokuwa cha moto, wagonjwa walisema nafuu ilikuja papo hapo kwa kikohozi, chafya, koo na uchovu. Kilipokuwa na joto la kawaida la chumba tu, nafuu ilikuwa ndogo zaidi. Zingatia kwamba kinywaji hicho hakikuwa na pombe.

Asali nayo hulainisha koo na kutuliza kikohozi. Limau na tangawizi huchochea mate, na koo lililokauka hupata unyevu. Basi ukiondoa wiski, karibu manufaa yote ya todi yatabaki kikombeni. Wewe usiyetumia pombe kwa sababu ya dini au hiari yako, jua kwamba hukukosa dawa yoyote.

NA WISKI JE?

Wengi husema wiski huupasha mwili joto. La hasha! Pombe hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Damu yenye joto hukimbilia huko, nawe ukahisi moto usoni, ilhali joto la ndani linapotea. Aliyekunywa kisha akatoka kwenye baridi ya usiku yumo hatarini zaidi kuliko asiyekunywa.

Ni kweli pombe huleta usingizi, lakini usingizi huo hukatika katikati ya usiku. Aidha, humfanya mtu akojoe sana, wakati mgonjwa mwenye homa anahitaji maji zaidi mwilini.

Kuna wanaoamini kwamba maji ya moto huondoa pombe yote. Sivyo. Pombe ikitiwa ndani ya kitu cha moto kilichoepuliwa, karibu asilimia 85 yake hubaki. Toti ya mililita 30 ya wiski yenye nguvu ya asilimia 40 ina takriban gramu 9 za pombe halisi. Chupa ndogo ya mililita 250, ambayo wanywaji huiita kota, ina toti 8. Anayeimaliza akidai anajitibu mafua anajidanganya.

USICHANGANYE NA DAWA

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Mtu mwenye mafua huwa amemeza kitu tayari. Paracetamol, iliyomo katika Panadol na dawa nyingi za mafua, husagwa na ini, na pombe vilevile. Anayekunywa pombe nyingi kila siku, kisha akapitisha kipimo cha dawa hiyo, anaweza kuliharibu ini lake. Mtu mzima asizidishe tembe 8 za miligramu 500 kwa siku. Soma karatasi ya kila dawa, usije ukameza paracetamol mara mbili bila kujua.

Dawa za mafua zinazoleta usingizi, kama Piriton, zikikutana na pombe hukulevya maradufu. Usiendeshe gari wala kupanda pikipiki. Anayetumia metronidazole, maarufu kama Flagyl, asionje pombe hadi siku 2 au 3 baada ya kumaliza dawa. Wenye kisukari wanaotumia insulini wanaweza kushukiwa na sukari ghafla usiku.

WASIOPASWA KUINYWA

Mama mjamzito, mtoto wa umri wowote, mwenye ugonjwa wa ini na aliyeacha pombe baada ya kutawaliwa nayo. Usimpe mtoto wiski hata kijiko kimoja "ili alale". Pombe humshusha sukari na inaweza kumwua. Asali pia asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa kuwa inaweza kubeba viini vya sumu ya botulizimu.

TAZAMA CHUPA

Usinunue wiski ya bei ya kutupa wala kinywaji kisicho na stempu ya ushuru. Pombe haramu huweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi kwa pombe iliyotiwa sumu hiyo, na wengine wakapoteza macho. Ukinywa kitu, kisha baada ya saa kadhaa au kesho yake macho yakaingia ukungu, kichwa kikauma na ukatapika, usilale ukingoje. Kimbilia hospitali, kwani matibabu yapo yakiwahiwa.

Kadhalika muone daktari ukiwa na homa inayozidi siku 3, ukipumua kwa shida, kifua kikichoma au makohozi yakiwa na damu. Homa inaweza kuwa malaria, na kikohozi cha wiki 2 hupaswa kupimwa kifua kikuu. Kikombe cha todi kisikucheleweshe.

Kwa hivyo, msomaji, ukiwa mtu mzima mwenye afya na hukumeza dawa, toti moja ni starehe yako. Lakini iite starehe, usiiite tiba. Jioni ya leo, jaribu kwanza kikombe kisicho na wiski. Huenda usiikumbuke.