Tindikali ya Betri Nyumbani Mwetu

Mwezi huu tunapenda kuzungumzia tindikali ya salfa, ambayo wataalamu huiita asidi ya salfuriki. Huenda ukajiuliza, sisi wakulima wa mahindi wa Misima tuna uhusiano gani nayo? Upo, tena wa karibu. Imo ndani ya betri ya gari, ya trekta, na mara nyingi ile ya umeme wa jua iliyowekwa pembeni ya kitanda.

Duniani kote sehemu kubwa ya tindikali hii hutumika kutengenezea mbolea. Mkoani kwetu, kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza uzalishaji mwaka 1972 na kufungwa mwaka 1991, kilikuwa na mtambo wake wa kuitengeneza. Salfa huchomwa, moshi wake hugeuzwa kuwa tindikali, kisha tindikali humwagiwa mawe ya fosfati ili mimea iweze kuyafaidi. Zambia na Kongo huitumia kutoa shaba katika mawe.

Ikiwa kali kabisa ni nzito kama mafuta. Lita moja ina karibu kilo 1.8. Haina rangi wala harufu. Ina kiu kubwa ya maji. Sukari ikimwagiwa hugeuka mkaa mweusi, kwa kuwa imenyang'anywa maji yake, na ngozi ya binadamu hutendewa vivyo hivyo. Inapochanganyika na maji hutoa joto kali. Ndiyo sababu fundi hutia tindikali ndani ya maji, kidogo kidogo. Akifanya kinyume huchemka ghafla na kumrukia usoni. Ile ya betri imepunguzwa hadi karibu theluthi moja tu, lakini yatosha kabisa kupofusha jicho.

Hofu yetu kubwa ni chupa. Watu hununua tindikali kwa kupimiwa, wakaitia katika chupa ya soda na kuisukumia uvunguni. Tena wengine huita "maji ya betri" vitu viwili mbalimbali: tindikali yenyewe, na yale maji safi ya kuongezea. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Akinywa, koo na umio huungua, na kovu laweza kuziba njia ya chakula wiki kadhaa baadaye, wakati wazazi wanadhani amepona.

Aliyekunywa asitapishwe, maana kinachorudi humuunguza mara ya pili. Asukutue kinywa, apelekwe hospitali upesi, na chupa ije pamoja naye.

Ikimwagikia ngozi, vua nguo mara moja na mwagilia maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi. Jicho lifunguliwe kwa vidole na kuoshwa hivyo hivyo, maji yakielekea upande wa sikio ili yasiingie jicho la pili. Usipake limau, majivu, magadi wala dawa ya meno. Tunajua maji Handeni ni ya shida, lakini hapa ndoo ya akiba isionewe huruma. Hata waliomwagiwa tindikali kwa uovu, kama padri na wasichana wawili Waingereza kule Zanzibar mwaka 2013, msaada wa kwanza ni huo huo.

Betri inapochajiwa fungua dirisha, na kibatari kikae mbali, kwa sababu hutoa hewa inayolipuka.