TAKA ZA KAMBA NI MALI: BAKTERIA WANAVYOIOKOA RANGI YAKE

Kila mwananchi aliyepika kamba ameona namna anavyobadilika: akiwa mbichi ni wa kijivu, na akichemshwa huwa mwekundu. Wekundu huo hauletwi na moto. Rangi imo mwilini mwake tangu awali, lakini imeshikamana na protini. Joto huiharibu protini hiyo, na rangi ikadhihirika. Jina lake ni astaksanthini. Mwaka 1938 mwanakemia Richard Kuhn na mwenzake walichapisha nchini Ujerumani uchunguzi wao juu ya rangi hiyo, waliyoipata katika kambakochi.

Thamani yake ni kubwa. Samaki aina ya samoni wanaofugwa Norwe na Chile hawawezi kuitengeneza wenyewe. Wasipoipata katika chakula, nyama yao huwa nyeupe na wanunuzi huikataa.

Hata hivyo, vichwa na maganda, ambavyo ni karibu nusu ya uzito wa kamba, mara nyingi hutupwa. Katika nchi za joto taka hizo huoza kwa muda wa saa chache, zikachafua pwani, na rangi ikapotea.

Dawa yake ni kuwahi. Taka zikiwa bado mbichi husagwa, zikachanganywa na sukari au molasi, kisha zikatiwa bakteria wa jamii ya laktobasili, ndugu wa wale wanaogeuza maziwa kuwa mtindi. Chombo hufunikwa vyema. Bakteria hao hula sukari na kutoa asidi. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5, bakteria wanaoozesha hudhoofika. Asidi hiyo huyeyusha chokaa ya ganda, na vimeng'enya huvunja protini iliyoishika rangi. Baada ya hapo rangi huvutwa kwa mafuta, protini iliyoyeyuka hufaa kwa chakula cha mifugo, na mabaki magumu hutoa kitini, malighafi ya viwandani.

Watafiti wa taasisi ya teknolojia ya chakula iliyoko Mysore, India, walionesha mwaka 2005 kuwa mafuta ya mimea, yakiwemo ya alizeti, huweza kuivuta rangi hiyo. Mwaka 2007 walitoa matokeo ya kuitoa katika taka zilizochachushwa.

Ikumbukwe kuwa astaksanthini nyingi iliyomo sokoni hutengenezwa viwandani kwa kemikali, na bei yake ni ya ushindani. Kwa hiyo afisa anayepelekewa mpango wa kazi hii hana budi kuuliza mambo matatu: taka zitapatikana kila siku kwa kiasi gani, zitafika kiwandani kabla ya kuoza, na je, protini na kitini navyo vitapata mnunuzi?

Mvuvi na mchuuzi nao wana wajibu: vichwa na maganda visichanganywe na taka nyingine, na viwekwe kwenye barafu mara tu vinapotolewa. Kikishaoza, hakuna bakteria atakayekirejesha. Israfu huanza pale tunapochelewa.